Ndugu wa Donda

Jumanne asubuhi Daktari Nabiha Taib alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mguu wa kushoto wa Mzee Thuo, akilowesha bandeji iliyogandamana na kidonda. Alimimina maji vuguvugu ya chumvi kidogo kidogo kutoka kwenye birika la chai. Birika hilo lilinunuliwa kwa kazi hiyo na halijawahi kuonja majani ya chai. Wapo madaktari wanaoivuta bandeji kwa mkupuo mmoja, mgonjwa akapiga yowe na mambo yakaisha. Nabiha hakuwa mmoja wao. Alisema bandeji iliyoshika nyama haivutwi, huombwa, na hata foleni ikifika ngazini yeye aliendelea kuomba.

Kliniki yake ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu katikati ya jiji, juu ya maduka ya vitambaa, na ilitibu vidonda sugu peke yake. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa zamani, na mwenye jengo aliahidi kuifufua kila alipopandisha kodi. Kwa hivyo watu wenye miguu mibovu kuliko yote Nairobi walipanda ngazi kila wiki kwenda kutibiwa miguu, na walipofika juu walihitaji kutibiwa zaidi kidogo. Waliokwama njiani walibebwa mgongoni na muuguzi, Nasimiyu, mwanamke wa Kimilili mwenye mabega ya kubebea magunia, naye aliwakemea njia nzima kwa kuwa wazito.

Vidonda vina tabia zake kama watu, na Nabiha alikuwa amezizoea. Zedekiah, mlinzi wa usiku kule Muthangari, alipata kidonda kwenye muundi kwa kusimama langoni miaka na mikaka, na kidonda chake kilinuka chochote kilichopikwa jioni katika nyumba aliyoilinda. Juma la Pasaka kilinuka mbuzi wa kuchoma na dania. Nabiha alikisafisha, akamfunga bandeji ya kubana, akamwandikia tajiri wake kwamba mtu huyu anahitaji kiti. Kiti hakikutoka, na juma lililofuata kidonda kilinuka samaki.

Cha Mzee Thuo hakikuwa na vituko vya namna hiyo. Kilikaa upande wa ndani, chini kidogo ya kifundo, kipana kama mdomo wa kikombe cha kahawa, na chanzo chake kilikuwa sukari. Thuo alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei, mwenye nyumba za kupangisha huko Mutuini, mtu wa kofia ya pama aliyoivua kila alipoingia ndani na kuilaza pajani kama paka. Alikuwa mgonjwa mzuri. Alikula alichoambiwa, akaacha alichokatazwa, akavaa viatu vipana ambavyo wazee wenzake walivicheka. Damu ilifika mguuni sawasawa. Nabiha aliyasikia mapigo yake kwa kidole. Alikuwa amejaribu asali, amejaribu dawa za bei mbaya, amekwangua nyama iliyokufa hadi ile hai ikatokeza. Mwaka ukapita na kidonda kikakaa pale pale, hakikui wala hakipungui.

"Mzee," alisema siku hiyo, "hili sasa ni donda ndugu."

Alisema kwa uchovu tu. Kwao Mombasa donda ndugu ni donda lisilopona, basi, na hakuna anayeuliza undugu wake umetoka kwa nani. Lakini watu wa Mutuini walijifunza Kiswahili shuleni na sokoni, wakakitolea jasho, na neno wakipewa hulipokea kwa uzito wake wote. Thuo aliinamisha kichwa, akauliza ni ndugu gani. Nabiha, ambaye wakati huo alikuwa akitafuta mkasi, alimjibu kwamba ni ndugu tu, ndivyo linavyoitwa.

"Mimi niko na mmoja peke yake," Thuo alisema.

"Basi ndiye huyo," Nabiha akamwambia. Alikuwa anamtania. Mkasi ulipatikana chini ya pamba, akamfunga mguu, na mgonjwa mwingine akaitwa.

Jumanne iliyofuata Thuo alifika akiwa ameshikwa mkono na mwanawe Kiarie, mtu mzima mwenye kitambi na watoto wake, ambaye ndiye aliyesimamia zile nyumba. Nyuma yao alipanda mwanamke mwembamba mwenye kitambaa kichwani na mkoba mkubwa mweusi. Hakuna aliyemshika mkono, na yeye hakumshika mtu. Thuo aliketi, akavua kofia, akasema kwamba daktari aliagiza ndugu na ndugu ndiye huyu, anaitwa Wanjira, wametoka tumbo moja.

Nabiha alikuwa ameshausahau mzaha wake. Aliona haya, akaanza kumweleza yule mama kwamba lile ni jina la ugonjwa tu, kwamba wamemsumbua bure na kazi zake. Kumbe Wanjira alikuwa ameshaketi, mkoba pajani, na Nasimiyu aliyekuwa ameinamia mguu akasema, kwa sauti ile ile anayoombea pamba, kwamba kidonda kinajifunga.

Kweli kilikuwa kinajifunga. Kingo zake zilisogeleana taratibu, kama utando unavyoshika juu ya maziwa, na ngozi changa ikatambaa kutoka kila upande kuelekea katikati. Nabiha aliivuta taa karibu. Alipima kwa rula ya karatasi, akangoja, akapima tena, na kipimo cha pili kilikuwa nusu ya cha kwanza. Hapo simu ya Wanjira ikalia. Alikuwa mpishi katika nyumba moja ya Loresho, analala huko huko, na bibi wa nyumba alitaka kujua chujio la chai limewekwa wapi. Wanjira akateremka hadi barabarani, ambako simu ilisikika vizuri, kwenda kumwelekeza, na kingo za kidonda zikarudi zilikotoka.

Daktari makini hatoi dawa kabla ya kujua kipimo chake. Nabiha alimwomba Wanjira asimame mlangoni, kisha penye ngazi, kisha ateremke ghorofa moja moja, na Nasimiyu akatokeza kichwa dirishani kuhakikisha amefika. Akiwa mlangoni, kidonda kiliendelea kupungua. Akiwa ghorofa ya kwanza, kilisita. Alipofika barabarani kwa muuza njugu, kilifunguka chote.

"Sasa amefika mbali," Thuo alisema, akikunja uso. Hakuwa amechungulia dirishani.

Basi Nabiha akaandika kwenye karatasi ya dawa: dada, kila siku, karibu iwezekanavyo. Kiarie aliikunja akaitia mfukoni, akauliza kama kuna kingine cha kununua. Nabiha akasema hakuna.

Jioni, nyumbani kwake Muthangari, alimpigia simu mama yake aliyekuwa Mombasa. Alimuuliza donda ndugu liliitwa ndugu kwa nini. Bi Rumaisa alikuwa akichambua mchele na hakupenda kukatizwa.

"Kwa sababu halikuachi," alisema. "Mume huacha, rafiki huacha. Sasa wewe, daktari mzima, huko chuoni mlikuwa mkisoma nini?"

Kila siku haikuwezekana, maana Wanjira alikuwa na ajira yake. Ikawa Jumapili baada ya kanisa, na Jumanne kliniki kila alipopewa ruhusa. Kule Mutuini walimwekea kiti cha plastiki barazani kando ya kaka yake. Wakakaa hapo mchana kutwa, mguu juu ya stuli kati yao, wakitazama mbele. Kiarie alimletea chai, akamwita Tata kama inavyompasa mtu kumwita shangazi yake, akarudi zake kwenye mpira wa televisheni. Jumapili jioni kidonda kilikuwa kimefunga, kimebaki kovu linalong'aa. Jumatatu kilipasuka katikati. Kufikia Jumanne kilikuwa kikombe kilekile.

Nabiha hakuuliza mambo ya familia za watu. Alijua vidonda vingi hujieleza vyenyewe ukivipa muda. Lakini Jumanne moja Thuo alienda msalani, safari iliyomchukua muda kwa sababu ya mguu na korido, na Wanjira akazungumza. Alizungumza bila machozi, kama mtu anayesoma bei za mboga.

Baba yao alikuwa na shamba Mutuini, linaloteremka hadi kwenye kijito. Wanjira aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi. Baba hakumsimanga. Aliita wazee wa ukoo, akawatembeza shambani, akasema huu upande wa chini, kutoka kwa mparachichi hadi majini, ni wa Wanjira, na hapa atajenga jiko. Kisha akapanda maua ya itoka kwenye mpaka, yale ambayo Wakikuyu hupanda kugawa ardhi, na mtu mwenye akili zake hayang'oi. Baba akafa. Mwaka haukuisha, Thuo akayang'oa maua, akajenga nyumba za kupangisha kuanzia juu hadi karibu na kijito. Wanjira alipouliza, aliambiwa mwanamke huolewa, kama ndoa ilimshinda hilo si kosa la shamba. Hapo ndipo alipokwenda Loresho kupikia watu. Sasa watu hao walikuwa wanauza nyumba na kuhamia ng'ambo kabla ya mwaka kwisha. Walikuwa wamemwambia kwa upole, na wamempa seti ya sahani.

"Mimi sitaki nyumba zake," alisema. "Nataka pale baba alinionyesha. Mtu akizeeka awe na mahali ataweka kichwa."

Nabiha alijisikia vibaya sana. Alikuwa amempenda yule mama tangu siku ile alipoteremka ngazi zote na kuzipanda tena bila kuuliza kwa nini. Aliporudi Thuo, alimngoja aketi, akamwambia bila kuzunguka kwamba tiba ipo na ni moja. Ampe dada yake kipande chake, ajenge, wawe majirani, na mguu utapona wenyewe bila senti ya dawa.

Thuo hakukasirika. Alikuwa mtu mwenye adabu, tena alimheshimu daktari.

"Hiyo shamba iko na nyumba, daktari," alisema. "Iko na watu. Hawa watu nitawaambia waende wapi?"

"Mzee, mimi siongelei shamba. Naongelea mguu wako."

"Naelewa," Thuo akasema. "Nitamwekea mto kwa kile kiti."

Mto uliwekwa, wa kitambaa cha maua, mzuri tu. Baadaye, kidonda kilipoendelea kupasuka kila Jumatatu, Thuo aliongeza dau. Alijitolea kumpa Wanjira chumba kimoja katika zile nyumba, kile cha mwisho karibu na choo, akae bure hadi mguu upone. Alilisema hilo kliniki, mbele ya mashahidi, na kwa kweli alidhani amefanya jambo kubwa. Nasimiyu alikohoa. Wanjira aliufunga mkoba wake kwanza, ndipo akamgeukia.

"Nikikaa hapo, nitakaa kama dawa ama kama mwenyewe?" aliuliza. "Kwa sababu dawa ikimaliza kazi, chupa hutupwa."

Thuo alitazama kofia yake. Akasema asiharakishe mambo, kwanza mguu upone ndipo wazungumze. Wanjira akasimama, akamshukuru daktari, akamshukuru na Nasimiyu, akateremka ngazi. Walisikia viatu vyake hadi chini, na waliufahamu wakati alioingia barabarani, kwa sababu kidonda kilifunguka kupita kilivyowahi kufunguka.

Hakurudi tena, si barazani wala kliniki. Alikwenda kwa wazee wa ukoo, wale waliokuwa bado hai kati ya waliotembezwa na baba yake, akawataka wakae waseme walichokisikia. Sheria ya nchi ilikuwa upande wake pia, lakini sheria iko mjini na shamba liko Mutuini. Wazee walikubali kukutana mvua zikipungua.

Mvua hazikupungua upesi. Kidonda nacho, kilichokuwa kimetulia mwaka mzima kama mpangaji anayelipa, kikaanza kuchimba. Kilipita nyama, kikafika kwenye mshipa, na asubuhi moja kibano cha Nabiha kiligonga mfupa. Thuo alikuwa na homa. Vidole viwili vya mguu vilikuwa vimebadilika rangi. Nabiha alimtuma Kiarie akalete gari karibu na mlango, kisha akavuta kigoda na kumwambia mgonjwa wake mambo yalivyo. Dawa zilizobaki haziwezi. Ama atampigia dada yake simu sasa hivi na kumwambia shamba ni lake, aje akae kwa haki yake, na huenda bado kuna wakati. Ama mguu ukatwe chini ya goti kabla sumu haijapanda juu.

Thuo alifikiri. Alifikiri kama anavyofikiri mtu mnadani, bila pupa, macho yamefinywa. Nje adhana ya adhuhuri ilianza na ikaisha.

"Kwa hiyo mguu mmoja," alisema.

"Mmoja, Mzee."

"Wakate."

Nasimiyu, aliyekuwa akifunga bandeji, alisema polepole kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Thuo alimjibu kwamba yeye halii.

Mguu ulikatwa siku ile ile, katika hospitali yenye mlima wa maua langoni, na daktari wa upasuaji alikuwa hodari. Thuo alipozinduka aliuliza mguu wake uko wapi. Walimwambia kwamba kwa kawaida vitu kama hivyo huchomwa. Akasema hapana, huo si kitu, huo ni yeye, na aliutaka. Kiarie akaenda kwa maseremala wanaotengeneza majeneza kando ya barabara, akaagiza moja fupi. Fundi aliuliza la mtoto wa umri gani. Kiarie akamweleza, na fundi akapima kwa mguu wake mwenyewe.

Nabiha alikwenda kwenye maziko. Aliuuguza mguu ule zaidi ya mwaka mmoja, na mama yake alimlea akijua kwamba uliyemuuguza humsindikiza. Kwao pia kiungo cha mtu huzikwa, kwa hiyo hakuona ajabu. Aliegesha gari kwenye lami na kumalizia safari kwa bodaboda, kwa sababu ya matope. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa chini ya hema, wapangaji wamekaa nyuma na watoto wao, mchungaji yuko tayari. Thuo alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, suti ya kijivu, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini. Ndipo Nabiha alipoliona kaburi lilikochimbwa. Halikuwa kule juu alikolala baba yao. Lilikuwa chini ya mparachichi, katika nafasi pekee iliyobaki kati ya nyumba za kupangisha, pale ambapo baba yao alisema Wanjira atajenga jiko.

Hapo akaelewa. Watu wana vyeti, wana mawe ya mpaka, wana mawakili, lakini mtu akishazikwa mahali, mahali pale pameshikwa. Hakuna mzee wa ukoo atakayemwambia marehemu asogee. Nabiha alikasirika, lakini kwa kuwa alikuwa mgeni msibani alikaa kwenye kiti alichopewa.

Wanjira alikuja. Alivaa nguo nyeusi na kofia ya sufu, akapita mbele ya wote bila kutazama kando, kwa sababu ndugu yako akizikwa huendi kukaa nyumbani, hata akizikwa nusu. Alipokaribia kaburi, vijana waliobeba jeneza walisimama. Walisema kuna kitu kimetembea ndani. Mchungaji alimtazama daktari, na Nabiha akainuka, akaomba kifuniko kifunguliwe. Akauinua mguu kwa mikono miwili kama alivyozoea. Kidonda kilikuwa kimefunga chote. Vidole vilikuwa vimerudi kwenye rangi yake, kisigino laini, ngozi nzima kama ya kijana. Alibonyeza kidogo kwa kidole gumba, damu ikakimbia na ikarudi.

"Umepona," alisema.

Walimsogeza Thuo karibu. Aliutazama mguu wake kwa muda. Kisha akamtazama dada yake aliyesimama upande wa pili wa shimo, na wengine walidhani atasema neno. Wanjira pia alidhani hivyo, kwa sababu aliivua kofia yake masikioni ili asikie.

"Ni vizuri," Thuo alisema. "Uzikwe ukiwa mzima."

Mchungaji akaendelea na sala. Wanjira alirusha udongo wake kama inavyotakiwa, akafuta mkono kwenye nguo. Kabla ya jioni kaburi lilikuwa limemiminiwa saruji, na bango la mbao likasimamishwa lililoandikwa Thuo, Mguu wa Kushoto, pamoja na mwaka aliozaliwa.

Wazee wa ukoo walikutana mvua zilipopungua. Walikumbuka vizuri sana alichosema marehemu baba. Mmoja alikumbuka hata alikuwa amevaa koti gani. Walitembea shambani kama walivyotembezwa zamani, wakafika kwa mparachichi, wakasimama mbele ya saruji.

"Hapa amelala nani?" mkubwa wao aliuliza.

"Thuo," Kiarie alisema.

Mzee alimtazama Thuo aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu hatua chache kutoka hapo, akasoma bango, akaitikia kwa kichwa. Akasema pole. Wakaamua kwamba pale penye kaburi hapawezi kupewa mtu mwingine, huo ungekuwa utovu wa heshima. Lakini kwa kuwa walikuwa watu wa haki, waliona kwamba kati ya nyumba ya mwisho na kijito kuna ukanda mdogo wenye nduma, yaani magimbi, ambao haujajengwa. Huo walisema watauzungumzia kikao kijacho, na kwamba kwa maoni yao hapakuwa na ubaya Wanjira akipewa.

Nyumba ya Loresho iliuzwa. Wanjira alihamia Kinoo, kwa binti wa rafiki yake wa kanisani, analala sebuleni kwenye kochi baada ya wenye nyumba kumaliza kutazama habari. Wakati mwingine alimpigia Nabiha simu kumsalimu. Hakuulizia kesi na Nabiha hakumuulizia. Walizungumza juu ya bei ya unga, na goti lake lililoanza kuuma, na Nabiha alimwambia aje lipimwe, akasema ngazi zile hapana.

Kikao kilikuwa kimebakiza wiki chache Thuo aliporudi kliniki. Nasimiyu alimbeba mgongoni, akasema huyu sasa amepungua uzito, na akamketisha. Thuo alivua kofia. Alikuwa amenenepa usoni na kigutu chake kilikuwa kimepona vizuri. Alichokileta kilikuwa mguu wa kulia. Kando ya kidole gumba palikuwa na kidonda kidogo, si kikubwa kuliko punje ya mahindi, chekundu na kisafi.

Nabiha aliuangalia sana. Alisikiliza mapigo, yalikuwapo. Akauliza kama kiatu kilimbana, Thuo akasema hapana. Akauliza sukari, Thuo akamwonyesha, ilikuwa sawa. Nabiha akanyanyua kichwa.

"Mzee, Kinoo si mbali," alisema. "Na huo ukanda ni wa nduma tu. Kabla hakijaingia ndani."

"Huu usihangaike nao sana, daktari," Thuo alimwambia kwa upole, kama mtu anayemtua mwenzake mzigo. "Ikifika kukata, waambie wakate juu ya goti. Kule kwa kijito, penye nduma, ni parefu."

Nasimiyu aliacha kupanga chupa. Nabiha alibaki ameushika mguu ule, wenye joto, wenye damu, mguu uliopanda ngazi zake mwaka mzima ukibeba uzani wa mwenzake. Akamuuliza miguu ikiisha atafanyaje.

"Ikiisha nitabaki mimi mwenyewe," Thuo akasema. "Mimi natosha."

Nabiha alikisafisha kidonda, akaweka dawa, akafunga bandeji nyepesi isiyobana, kwa sababu mguu haukuwa na kosa. Akamwandikia arudi Jumanne. Thuo akavaa kofia, akamshukuru, na Nasimiyu akageuza mgongo ili ambebe.